Alama ya Penseli katika Sura ya Maryamu

14 Februari

Daktari hakutaja siku. Alikusanya karatasi zake, akamwambia mwanangu Khaled kwa Kifaransa, akidhani kikongwe aliyelala pale haelewi, kwamba moyo umechoka na nisipandishwe ngazi. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha Kifaransa katika shule za sekondari za mji huu. Nilimsikia mpaka nukta ya mwisho.

Ndiyo maana nimeomba daftari. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho nilichowafundishia wanawake kusoma Qur'ani, na kosa ninalotaka kuliandika nililitenda kwa lugha hiyo hiyo.

Mkono wa kushoto umekufa tangu Oktoba. Wa kulia unaandika, lakini mtu hawezi kujifunga shungi kwa mkono mmoja. Ninalitupia kichwani, linateleza. Leo baada ya alasiri nilifungua msahafu, shungi likaanguka sakafuni na sikuweza kuinama. Nikaufunga msahafu. Nikakaa nao mapajani mpaka Prudence aliporudi sokoni.

17 Februari

Mvua tangu asubuhi. Sikusoma. Hakukuwa na mtu wa kunifunga shungi.

20 Februari

Prudence ni mke wa Khaled. Kwao ni Gasenyi, wazazi wake ni Wakatoliki, naye alisilimu miaka sita iliyopita. Nyumba yetu hapa Mutakura ni ndogo na ukuta wa jikoni ni mwembamba. Leo nilisikia mtu anasoma Yasini, polepole, anajikwaa, anarudi nyuma, anajisahihisha. Nikajikokota kwa fimbo mpaka mlangoni. Alikuwa anakoroga maharagwe, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mawese, kichwa wazi, nywele zimesukwa nusu. Aliponiona akailaza simu kifudifudi.

“Unasoma nini?”

“Si kitu, Mama. Naangalia Facebook tu.”

“Facebook yako inajua Yasini?”

Akacheka, kisha kicheko kikamfia. “Mama, usikasirike. Mi najua haikubaliki. Nazoeza mudomo tu, ili siku nikivaa vizuri nisome ya kweli.”

“Nani kakwambia haikubaliki?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. “Si ni weye? Karatasi yako iko pale madrasa, kwenye ukuta. Iko hata mu telefone, kwa groupe ya wamama. Namba moja kabisa.”

Nikamuuliza kwa wiki husoma mara ngapi akiwa amevaa vizuri.

“Ijumaa,” akasema. Akafikiri. “Si kila Ijumaa. Baibui iko moja, na ikiwa kwenye kamba, basi tena.”

Maharagwe yakaungua chini. Tuliyala hivyo hivyo, na Khaled naye.

22 Februari

Karatasi hiyo niliiandika mimi, kwa hati yangu, mwaka wa 1998. Ina masharti saba ya mwanamke anayetaka kusoma. La kwanza linasema: asiyefunika kichwa, usomaji wake haukubaliwi, na malaika humkimbia.

Aliyenisomesha mimi ni marehemu mjomba wangu, kule Buyenzi, kwenye kibaraza cha nyuma, nikiwa msichana. Nilimuuliza jambo hilo hilo. Jibu lake liko katika daftari langu la zamani, nimelisoma tena leo: kujistiri ni sharti la swala; kwa msomaji ni adabu, na adabu ni pambo, wala mtu aliyekosa pambo hafukuzwi harusini.

Kwa hiyo nilijua. Siku ile naandika sharti la kwanza nilikuwa na daftari hilo kabatini.

23 Februari

Nilitaka kuandika lililobaki. Mvua kubwa. Sikuandika.

26 Februari

Nasra amekuja kunijulia hali. Ndiye aliyerithi darasa langu la akina mama pale madrasa, nyuma ya msikiti wetu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita nilipoiandika karatasi. Leo ana wajukuu. Ameniletea tende za Ramadhani na chungwa moja kubwa, akalimenya yeye mwenyewe.

Nikamwomba aiondoe karatasi ukutani.

“Kwa nini, Mwalimu? Imeharibika? Nimeitia plastiki.”

“Sharti la kwanza si kweli.”

Akaendelea kumenya. “Mwalimu, wasichana wa sasa wanavaa jeans chini ya baibui, na baibui wanalivulia getini. Ile karatasi ndiyo ukuta wangu. Ukitoa tofali moja kesho watakuja kuswali kichwa wazi na kuniambia Mwalimu Maimuna ameruhusu.”

“Swala ina sharti lake, na litabaki. Mimi nasema kusoma.”

“Wao hawatatofautisha.”

“Tuliwafundisha nini basi miaka yote, kama hawawezi kutofautisha?”

Akanipa kipande cha chungwa. Kisha akasema, kwa nia ya kunifurahisha: “Mimi kila mwaka kabla ya mfungo huwasimulia kisa cha yule mwanamke. Muuza ndagala aliyesoma kichwa wazi, ukamwambia malaika wamekimbia. Alitoka akaritadi, akaishia pabaya. Wanatetemeka, Mwalimu. Hata wale wakorofi.”

Chungwa likanikwama kooni. Alinipiga mgongoni kwa upole, akadhani ni ugonjwa.

1 Machi

Mwezi umeonekana jana, au umetangazwa tu. Hapa mawingu hayakufunguka. Wote wamefunga isipokuwa mimi na mtoto wa jirani.

4 Machi

Nguvu nilizoamka nazo leo sitazipata kesho. Naandika.

Jina lake ni Adélaïde. Aliposilimu tulimpa jina jingine, akakataa kwa adabu; alisema hili alipewa na mama yake naye hana kingine cha mama yake. Lilinikera kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, anauza ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwa beseni, mume amekwenda na vita na hakurudi. Alikuja darasani kwangu akinuka samaki, akakaa mwisho, karibu na mlango. Herufi hazikumpenda sana, lakini sauti ilimpenda. Alisoma kwa kufuata mdomo wangu, na alichokisikia mara mbili hakikumtoka tena.

Darasa letu lina desturi, nami niliipokea kwa mjomba. Mwalimu huweka alama ndogo ya penseli pembezoni mwa msahafu, pale mwanafunzi alipofika. Mwanafunzi hapiti alama hiyo. Akija siku ya pili husoma mpaka pale, mwalimu akiridhika husema “Endelea”, kisha huisogeza alama mbele. Hata anayejua kilichoko mbele hapiti bila neno hilo. Ni heshima ya njia.

Mwaka ule, kabla ya Ramadhani, mke wa imamu alileta salamu: imamu amemsikia Adélaïde kupitia dirishani, anaomba huyo ndiye afunge khitma ya wanawake siku ya ishirini na sita ya mfungo. Khitma ya wanawake nilikuwa nikiifunga mimi, miaka kumi na mitatu mfululizo. Nikasema alhamdulillahi. Nikarudi nyumbani nikapika, na kila kijiko nilichokoroga kilisema jina lake.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya mfungo, baada ya alasiri, na mvua kama ya wiki hii. Alichelewa. Aliacha beseni nje, akaingia amelowa, mtoto mgongoni. Kitenge kilichombeba mtoto kilikuwa kimelowa, na juu ya kitenge alikuwa amemfunika mtoto kwa kitambaa chake cha kichwa, kikavu, alichokuwa amekificha kifuani njia nzima ili kisilowe. Wakati ule wa vikwazo vya biashara kitambaa kilikuwa ghali. Hakuwa na cha pili. Nywele zake zilikuwa wazi, zinachuruzika maji.

Niliona kile kitambaa mgongoni kwa mtoto. Kwa miaka ishirini na saba nimejiambia kwamba sikukiona. Nilikiona, na nilijua kwa nini kiko pale.

Akafungua msahafu wake. Ulikuwa wake mwenyewe, jalada la buluu, aliletewa kutoka Uvira. Akaanza sura ya Maryamu tangu mwanzo, kwa sauti iliyowanyamazisha wote, akafika kwenye alama yangu, aya ya ishirini na tatu, pale Maryamu anaposhikwa na uchungu kwenye shina la mtende na kutamani lau angekuwa amekufa na kusahauliwa. Akanyamaza, akaniangalia, akingoja nimwambie “Endelea”.

Nikasema: “Simama. Malaika waliokuwa humu umewafukuza kwa nywele zako. Yote uliyosoma mwezi huu si kitu.”

Akasema: “Mwalimu, mutoto ana homa.”

Nikasema: “Na Mwenyezi Mungu ana utukufu.”

Nikautoa msahafu mikononi mwake. Mtu mmoja akasema subhanallah, na wengine wakafuata. Jibu langu lilisikika kama elimu. Adélaïde hakulia. Alisimama, akamrekebisha mtoto mgongoni, akachukua beseni lake, akatoka.

Siku ya ishirini na sita khitma niliifunga mimi. Nilisoma vizuri sana. Hilo nalo naliungama, kwamba nilisoma vizuri na sauti haikutetemeka.

Wiki iliyofuata wanawake wawili waliniuliza kama ni kweli, maana majumbani mwao walikuwa wakisoma hivyo hivyo walivyo. Nikaandika karatasi. Nilitunga sharti la kwanza, nikaliongezea sita ya kweli ili lisionekane peke yake. Na msahafu wa Adélaïde sikuurudisha. Uko chini ya kitanda hiki, katika sanduku la bati, umefungwa kitambaa. Nimehama nao mara tatu.

Mjomba alitufundisha kwamba haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Nikifa bila radhi ya Adélaïde, naenda nayo shingoni. Na sijui kama nitauona mwezi wa Idi.

5 Machi

Nimechoka. Mvua.

7 Machi

Nimemsomea Prudence kurasa za juzi. Nilitaka kumwambia kwa mdomo, nikashindwa, nikasoma.

Aliketi kwenye kona ya kitanda. Kisha akasema: “Adélaïde wa ndagala? Mama Bella? Tunapita kwake tukienda kwetu, Mama. Ule anagawiaga watoto ubuyu.”

“Najua anapokaa.”

“Tangu zamani?”

“Tangu zamani. Nikienda kwa wazazi wako nilikuwa nazunguka kwa barabara ya juu.”

Akatikisa kichwa. Nilidhani atamsikitikia Adélaïde, au atanisikitikia mimi. Akasema kitu kingine. “Miaka sita, Mama. Miaka sita nasoma kama nayiba.”

Akaenda kupika futari. Leo chumvi ilizidi.

9 Machi

Nilimtuma Prudence Gasenyi na maneno haya: nimekudhulumu, nilijua kwamba nakudhulumu, naomba radhi. Amerudi na viatu vimejaa matope.

“Alikuwa anachambua ndagala. Nikamwambia yote. Akanipa moja, ati nionje kama imekauka, nami nikaifungulia mudomo. Akanipiga mukono: we si umefunga? Akacheka kweli.”

“Kwa hiyo anafunga bado.”

“Anafunga. Nani alikuambia aliachaga?”

Kisa cha Nasra ndicho kilichoniambia. Nami nilikaa kimya nilipokisikia. “Na jibu lake?”

“Akasema: mwambie nimesikia.”

“Basi?”

“Basi. Akarudi kwa ndagala zake.”

12 Machi

Usiku, kwa mvua, bonde la Gasenyi limeporomoka na kumeza ukingo wa barabara na choo cha jirani ya wazazi wa Prudence. Hakuna anayepita. Najiuliza nyumba ya Adélaïde iko umbali gani na bonde.

Shungi limeanguka mara tano leo. Nimehesabu. Mara ya sita niliendelea kusoma, nikahisi hewa kichwani, nikaacha. Hata anayejua hukumu hawezi kuondoa kwa siku moja woga alioupanda mwenyewe.

15 Machi

Njia imefunguka kidogo, kwa mbao. Prudence amekwenda tena, bila kutumwa safari hii, akasema anaenda kuona wazazi. Adélaïde alimuuliza swali moja: kitabu changu bado kiko naye?

16 Machi

Nilimpa Prudence msahafu, akaufunga kwenye mfuko wa plastiki, mara mbili kwa ajili ya mvua. Amerudi nao.

“Amekataa. Hata mukono hakunyosha. Amesema, aliyekichukua ndiye arudishe. Na arudishe pale alikichukulia, mbele ya batu, kwa sababu alikichukua mbele ya batu.”

“Alisema kwa hasira?”

“Apana. Alisema kama anakuambia bei ya ndagala.”

Nilicheka, na kicheko kikanichoma ubavuni. Anayo haki. Mtu aliyevuliwa nguo barabarani harudishiwi chumbani.

20 Machi

Nilianguka bafuni. Khaled hataki nitoke nje ya chumba.

22 Machi

Nasra. Nilimwambia yote, bila kusoma, nikimtazama. Kwamba nilijua, na kwamba kisa anachowasimulia wanawake ni uongo uliozaliwa na uongo wangu: Adélaïde hajaritadi hata siku moja. Nikamwambia siku ya ishirini na sita, katika khitma, nataka kusema.

Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena.

“Mwalimu, mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema subhanallah wa kwanza.”

Sikuwa nimekumbuka ni nani.

“Nilikuwa na miaka kumi na sita,” akasema. “Nikaenda nyumbani nikamwambia mama yangu anyamaze, asiwe anajisomea akipepeta mchele. Alikuwa anajua Yasini yote. Akaacha. Amekufa ameacha.”

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Wakati wa kuondoka akasema: “Sitakufungia mlango. Lakini usiniambie nifurahi.”

26 Machi

Essence ya magari hakuna mjini wiki ya tatu sasa, hakuna hata bajaji. Khaled, aliyekataza, ndiye aliyekuja na kiti cha plastiki cha jirani na kusema: “Mama, kaa. Ukifa njiani nitakukasirikia.” Alishika upande mmoja, Prudence upande mwingine. Watoto wakatufuata wakiimba wimbo wa bibi harusi. Niliwapungia mkono mzima.

Madrasa imejaa. Wanawake wengi wapya, siwajui. Karatasi yangu iko ukutani, ndani ya plastiki yake, juu ya kichwa cha Nasra. Waligawana juzuu, wakasoma. Nilimtafuta Adélaïde, hakuwepo. Prudence alikuwa amemwambia siku na saa. Nikajiambia nitasema hata asipokuja, kisha nikaogopa kwamba nasema hivyo kwa kuwa nafarijika.

Ilipobaki sura ndogo ndogo za mwisho, Nasra akanyanyua mkono. “Mwalimu Maimuna ana neno.”

Nilisema nikiwa nimekaa. Nilianza na hukumu, kwa kuwa pale ni darasa: kwamba anayeswali hujistiri na hilo halina mjadala, kwamba anayesoma anapendelewa asafishe mdomo, atawadhe, atulie, avae vizuri kama anayekwenda kusemeshwa na aliye mkubwa, na kwamba akikosa nguo, asome. Asome akichota maji, asome akinyonyesha, asome akiwa mgonjwa na shungi limemshinda. Nikasema karatasi ile ukutani ni yangu na sharti lake la kwanza nililitunga. Kisha nikasema kwa nini. Nilitaja kitambaa. Nilitaja mtoto na homa. Nilitaja wivu kwa jina lake, nikaona wasichana wawili wanatazamana.

Katikati ya maneno shungi langu likateleza, likaanguka mgongoni. Sikuwa na mkono wa kulirudisha. Wa kulia ulikuwa umeshika msahafu wa Adélaïde. Wanawake sitini wakatazama mvi zangu. Nasra akasimama. Nilidhani ameshindwa kuvumilia. Akaja, akaliokota, akanifunga kidevuni kwa pini aliyoitoa kwenye mtandio wake, akarudi kukaa.

“Uso wako umekuwa mdogo, Mwalimu,” sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa amesimama pale pale alipokuwa akikaa. Baibui jeusi, shungi limemzunguka vizuri mpaka kwenye nyusi. Amejistiri kuliko sisi sote. Sijui alikuwa pale tangu lini.

“Adélaïde,” nikasema, “msahafu wako huu. Naomba radhi.”

Akapita katikati ya wanawake. Wakakunja miguu kumpisha. Akaupokea kwa mikono miwili, akafungua kitambaa, akafungua kurasa mpaka kwenye Maryamu. Alama ya penseli ipo, imefifia. Aliigusa kwa kidole.

“Nimekipokea kitabu,” akasema.

Akageuka akatoka. Radhi hakutaja.

Khitma aliifunga Nasra. Kabla hatujatoka aliitoa karatasi ukutani. Hakuichana, aliikunja pamoja na plastiki yake akaitia mkobani.

Njiani Prudence akasema: “Mama, wamama wawili wameshatoka kwa groupe.”

“Wangapi wamebaki?”

“Themanini na tatu. Wanabishana mpaka betri zinaisha.”

31 Machi

Idi. Pilau sikuweza kumeza. Gasenyi kimya.

3 Aprili

Asubuhi, kabla ya mvua, Prudence aliingia chumbani mbio. “Mama, Mama Bella yuko hapa. Na amekuja na ndagala.”

Aliweka furushi la ndagala mezani, akaketi kwenye kiti ninachowekea dawa, akautoa msahafu wa buluu.

“Nimekuja kwa kusoma,” akasema. “Nimebakia aya ya ishirini na tatu.”

Nilidhani anatania. “Miaka yote hii?”

“Sura zingine nasoma. Nasoma kila siku, nikichambua, nikilala. Lakini Maryamu nafika pale na nasimama. Kwa redio nimeisikiaga mbele, najua anaambiwa nini. Lakini mwalimu hakuniambia endelea.” Akaangalia dirisha. “Mara nyingi nilisema, achana na huyo mama, pita. Mudomo ukakataa.”

Aya inayofuata ndiyo ile ambayo Maryamu anaitwa kutoka chini yake na kuambiwa asihuzunike. Nilimwacha mwanamke huyu kwenye uchungu miaka ishirini na saba, hatua moja kabla ya faraja.

“Adélaïde, nimekuomba radhi.”

“Nilisikia. Tumalize sura kwanza, Mwalimu. Sitoi kitu nusu.”

Akasoma tangu mwanzo. Sauti imekuwa nzito, imeshuka kifuani. Akafika. Akaniangalia.

Nikasema: “Endelea.”

6 Aprili

Aya ya thelathini na sita. Aliniuliza kama bado napenda chai ya tangawizi. Nilikuwa sijui kwamba aliwahi kujua.

8 Aprili

Bella, yule mtoto wa homa, ni muuguzi katika mji wa Ngozi. Ana watoto wawili. Nilimwomba Adélaïde anisimulie homa ile iliisha vipi. Akasema: “Iliisha tu. Homa zinaishaga.”

11 Aprili

Mimi sikuweza kuketi. Alisoma nikiwa nimelala. Aya ya sitini. Prudence husimama mlangoni na kijiko mkononi, midomo yake inafuata.

14 Aprili

Themanini na mbili. Pumzi fupi. Daktari amekuja, na safari hii alinisalimu kwa Kifaransa.

16 Aprili

Tisini na saba. Tungeweza kumaliza, lakini akafunga kitabu. “Kesho,” akasema. “Ulale na kitu cha kungojea.”

17 Aprili

Mvua imemkuta njiani. Amefika ameloa mpaka mifupa. Msahafu tu ndio mkavu, alikuwa ameuficha kifuani. Alifungua shungi mlangoni, akalikamua nje, akalitundika kwenye chuma cha dirisha. Nywele zake ni nyeupe. Mara ya mwisho kuziona zilikuwa nyeusi na maji yanachuruzika hivi hivi.

Prudence akaja mbio na shungi lake kavu. Adélaïde hakulipokea, wala hakulikataa. Alikuwa ananiangalia mimi.

“Kichwa changu kiko wazi, Mwalimu.”

“Nimekiona.”

“Basi?”

“Endelea.”

Ilikuwa aya moja, ya mwisho, ile inayouliza juu ya vizazi vilivyopita, kama unasikia hata mnong'ono wao. Aliisoma polepole. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ncha za nywele zake hadi begani, na chumba kilinuka ndagala na mvua. Alipomaliza akachukua penseli iliyokuwa juu ya blanketi langu, akarudi nyuma mpaka aya ya ishirini na tatu, akaifuta alama ya zamani kwa kifutio cha mkiani mwake, taratibu, asije akachana karatasi.

“Sasa,” akasema. “Prudence, sikia, uwe shahidi. Mwalimu Maimuna, sina dai nawe. Hapa wala kule.”

Akanifuta uso kwa kiganja chake chenye maji.

“Kesho tunaanza Twaha,” akasema.

“Adélaïde, daktari hataji siku.”

“Mi nitakuja. Usipokuwepo, huyu ataweka alama.” Akamwelekea Prudence kwa kidevu. Prudence alikuwa amesimama na shungi lake mkononi, kichwa wazi, amesahau.

Nimempa penseli.